Akiba ya ndani si uchoyo

Wengi huamini kwamba mwenye magunia ya mahindi ndani anawanyima wenzake. Imani hiyo haikutoka hewani: anayekomba duka siku ya dhiki huwaumiza majirani kweli. Lakini anayenunua debe mojamoja wakati wa mavuno, soko limejaa, hampunguzii mtu. Mahindi yakiadimika hatagombania, tena atakuwa na kibaba cha kumkopesha jirani. Andika bei ya debe msimu huu, uilinganishe na ya kabla ya mavuno yajayo.

Kinachonikera mimi ni akiba iliyoachwa ioze. Kabla ya kuyahifadhi, pima kama yamekauka: tia mahindi kidogo na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado yana maji, yaanike tena.