Kuandikia munganga si vidole vya mbio tu

Hapa Goma vijana wengi wanasemaka eti ukijua kupiga klaviye mbio basi unaweza kuandika sauti za waganga, ni kusema madaktari wanajirekodi wakieleza habari za mgonjwa na wewe unasikiliza unaandika, hapana, haiko vile. Kazi kubwa iko ku masikio na ku maneno. Munganga anadikte, ni kusema anasema maneno ya kuandikwa, akiwa amechoka, anasema hipoglisemi, wewe unaandika hiperglisemi: ya kwanza ni sukari kushuka mu damu, ya pili ni kupanda, na mgonjwa akipewa insulini wakati sukari yake imeshuka anaweza kufa, kweli kabisa. Ndio maana mafunzo yanaanzaka na viungo vya mwili, magonjwa, dawa, na vipande vya maneno ya Kigiriki kama kardio, moyo, ao nefro, figo.

Vyombo si vingi, ordinateri ya kawaida, ekutere za kufunika masikio, na pedali ya mguu, hii ndio watu hawaijui: unakanyaga sauti inaenda, unatoa mguu inasimama, ukikanyaga upande mwingine inarudi nyuma, na mikono haitoki ku klaviye. Sasa mtu ananunua ordinateri ya bei kali Birere, hapa Goma, halafu anasikiliza na ekutere ya telefone, inauma kuona. Na kama neno hukusikia usibahatishe, acha nafasi wazi, weka dakika na sekunde za sauti pale neno liko, munganga atajaza mwenyewe.