Vidonge vya "kusafisha seli": dhana potofu na ukweli

Ni vidonge vya vitamini C, vitamini E, betakarotini na wenzao, vinavyouzwa kwa madai kwamba huondoa sumu na kuzima radikali huru mwilini.

Dhana: Mkojo ukiwa wa njano kali baada ya kumeza multivitamini, ni sumu zinatoka.
Hapana. Hiyo ni riboflavini, yaani vitamini B2, iliyozidi mahitaji yako na figo zikaitoa. Pesa yako hiyo, inakwenda chooni.

Dhana: Radikali huru, zile molekuli zisizotulia zinazoshambulia jirani zake ndani ya seli, ni sumu tupu, zikiisha, seli zinapona.
Seli huzizalisha zenyewe zinapochoma chakula kupata nguvu, na zina vimeng'enya vyake vya kuzidhibiti. Chembe nyeupe za damu huzimwaga kwa makusudi ili kuua bakteria. Misuli nayo huzihitaji: mwaka 2009 watafiti nchini Ujerumani waliwafanyisha vijana wa kiume mazoezi kwa wiki nne, baadhi wakimeza kila siku miligramu 1,000 za vitamini C pamoja na vitamini E. Wasiomeza kitu, miili yao ilianza kuitumia insulini, homoni inayoingiza sukari ya damu kwenye seli, vizuri zaidi. Waliomeza, faida hiyo haikuonekana. Yaani jasho lote lile!

Dhana: Ni vitamini tu, haiwezi kudhuru.
Hapa ndipo penye mambo. Ilionekana kwamba wanaokula sana mboga na matunda huugua saratani ya mapafu kwa nadra, na betakarotini, ile inayoipa karoti rangi yake, ikadhaniwa ndiyo siri. Finland wakaijaribu kwa wanaume 29,133 wavutaji sigara, wa miaka 50 hadi 69. Dozi ilikuwa miligramu 20 kwa siku, kiasi kinachopatikana kwenye karoti kama robo kilo. Majibu yalitoka 1994: waliopewa betakarotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Marekani nako, jaribio kama hilo lilisimamishwa Januari 1996, miezi 21 kabla ya wakati wake, kwa sababu ileile. Maelezo mojawapo ni kwamba kwenye mapafu yaliyojaa moshi, dozi kubwa ya betakarotini hugeuka na kuchochea uharibifu uleule iliyotumwa kuuzuia.

Vitamini E haikusalimika. Jaribio la Marekani la wanaume zaidi ya 35,000 lilionyesha mwaka 2011 kwamba walioimeza peke yake kwa dozi kubwa walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi.

Dhana: Vitamini C ya kuyeyusha kwenye maji huzuia mafua.
Kwa watu wa kawaida haizuii. Ukiimeza kila siku, mafua huisha mapema kidogo tu; ukingoja mpaka uanze kupiga chafya, umechelewa. Pera moja lililoiva linatosha mahitaji ya siku.

Wapo wanaovihitaji kweli, kama mwenye upungufu uliothibitishwa na vipimo. Lakini kama unavuta sigara, au uliwahi kuvuta, geuza chupa usome nyuma. Ukikuta betakarotini ya miligramu 20 au zaidi, irudishe rafuni.