Deni Linapolemea: Yanayosemwa Dodoma na Yaliyo Kweli

Tangu Serikali ilipohamishia shughuli zake Dodoma, viwanja vya Iyumbu, Nala na Ihumwa vimewafanya watumishi wengi kuwa wajenzi, na ujenzi haujawahi kusubiri mshahara. Si ajabu leo kumkuta mtu mmoja akiwa na mkopo wa benki wa miaka saba, mkopo wa SACCOS, deni la Songesha, ule mkopo wa M-Pesa kwenye simu, na laki tano za mkopeshaji wa mtaani ambaye ameshikilia kadi yake ya benki. Mwisho wa mwezi ukifika, hulipa kwanza yule anayepiga simu mara nyingi zaidi, na hapo ndipo hesabu yote inapoharibika, kwa sababu kelele za mdai hazisemi lolote kuhusu gharama ya deni lake wala kuhusu kile anachoweza kukufanyia kisheria. Dhana nyingi zinazozunguka maofisini Mtumba na kwenye vibanda vya Soko la Majengo zinatokana na kuchanganya mambo hayo mawili.

"Mkopo mpya ukishusha makato, nimepata nafuu"

Dhana hii ina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayoifanya iwe ya hatari. Kuna kukopa kwa bei nafuu ili kumaliza deni ghali, na kuna kurefusha deni lilelile ili makato ya mwezi yapungue. Yote mawili watu huyaita "kujipanga upya", ingawa matokeo yake hayafanani hata kidogo.

Tuchukue mfano wa shilingi 2,000,000. Mkopeshaji wa mtaani akitoza asilimia 10 kwa mwezi, na akaikokotoa kwenye kiasi chote cha mwanzo hata baada ya wewe kuanza kupunguza deni, unalipa riba ya shilingi 200,000 kila mwezi, na baada ya miezi sita utakuwa umerudisha shilingi 3,200,000. Kiasi hichohicho kikikopwa benki kwa asilimia 17 kwa mwaka, riba ikipungua kadiri salio linavyopungua, marejesho ya miezi 12 ni takribani shilingi 182,400 kwa mwezi, na riba yote ya mwaka ni kama shilingi 189,000. Yaani riba ya mwezi mmoja kwa mkopeshaji huyo inaizidi riba ya benki ya mwaka mzima. Kuhamisha deni la namna hii kwenda benki au SACCOS, jambo ambalo wengi hulijua kama kununuliwa deni, ni nafuu ya kweli hata baada ya kuongeza ada na bima, ilimradi risiti ya kumaliza deni la zamani ipatikane kwa maandishi siku hiyohiyo.

Sasa tuangalie upande wa pili. Mtumishi amebakiza shilingi 10,000,000 za kulipa kwa miaka miwili, kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka. Makato yake ni kama shilingi 490,000 kwa mwezi, na riba iliyobaki ni takribani shilingi 1,750,000. Akikubali deni hilo lipangwe upya kwa miaka saba, makato yanashuka hadi karibu shilingi 199,000, naye anatoka benki akiwa na uso mkunjufu. Lakini riba atakayolipa sasa ni karibu shilingi 6,700,000. Sisemi kwamba hatua hiyo ni mbaya kila mara, kwani mtu anayeshindwa kununua chakula hawezi kuambiwa asubiri miaka miwili. Ninachosema ni kwamba nafuu hiyo imenunuliwa kwa karibu shilingi milioni tano, na mnunuzi anapaswa kuijua bei kabla ya kutia sahihi.

"Sheria inanilinda, siwezi kukatwa kupita kiasi"

Ni kweli kwamba mtumishi wa umma anapaswa kubaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato. Wengi hudhani kinga hiyo inazifuata fedha popote zinapokwenda, kumbe inaishia kwenye hati ya mshahara. Mkopeshaji wa kausha damu, yaani yule wa mtaani mwenye riba kali, analijua jambo hilo vizuri kuliko mkopaji, na ndiyo maana haombi makato ya mshahara, bali anaomba kadi na namba ya siri. Fedha zikishaingia benki, anazitoa mwenyewe kwenye ATM kabla mwenye mshahara hajaamka. Theluthi ambayo sheria iliiacha kwa ajili ya unga na nauli ndiyo hasa anayoichukua.

Kwa hiyo kadi ya benki si dhamana. Masharti ya kadi yanakataza mteja kumpa mtu mwingine namba yake ya siri, na mteja anayefanya hivyo hudhoofisha hata haki yake ya kuilalamikia benki fedha zikipotea. Anaweza kwenda kwenye tawi lake, akaomba kadi ifungwe na apewe nyingine. Deni litabaki palepale na atapaswa kulilipa, ila sasa atalilipa kwa mkono wake, kwa kiasi walichokubaliana, na kwa risiti.

Inafaa pia kumuuliza mkopeshaji leseni yake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne, na wakopeshaji wasiopokea amana wako daraja la pili, chini ya leseni ya Benki Kuu, ambayo iliwawekea kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Msomaji ataona kwamba ile asilimia 10 ya mfano wetu imekipita kikomo hicho karibu mara tatu. Programu za simu nazo haziko nje ya utaratibu huu: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali.

"Nikishindwa kulipa, polisi watanikamata"

Kushindwa kulipa mkopo ni shauri la madai, si kosa la jinai. Jinai inaweza kuingia pale mtu alipoghushi hati ya mshahara au kutumia jina la mwingine, lakini kukosa fedha peke yake hakumpeleki mtu mahabusu. Kifungo cha madai kipo katika sheria zetu za mwenendo wa mashauri, ila huja baada ya hukumu, kwa maombi ya mdai mbele ya mahakama, na mdai ndiye anayegharamia chakula cha mfungwa. Ujumbe wa simu unaosema kwamba askari wako njiani saa moja baada ya tarehe ya marejesho kupita ni vitisho tu. Akiba ya chakula haipaswi kuuzwa kwa ajili ya ujumbe wa namna hiyo.

"Nikibadilisha laini na kunyamaza, deni litakufa"

Dhana hii ni pacha wa ile iliyotangulia. Mwenye hofu akichoka kuogopa huanza kukimbia. Ukomo wa kufungua shauri la mkataba ni miaka sita, na muda huo huanza kuhesabiwa upya mkopaji akikiri deni kwa maandishi au akilipa sehemu yake. Benki ikiliondoa deni kwenye vitabu vyake haimaanishi kwamba imemsamehe mkopaji. Wakati huohuo taarifa zake zinasomwa na wakopeshaji wengine kupitia taasisi za taarifa za mikopo kama Creditinfo na Dun & Bradstreet, kiasi kwamba mkopo mdogo wa simu uliosahaulika unaweza kumkwamisha mtu anapoomba mkopo wa nyumba.

"Benki haina mazungumzo"

Ninadhani dhana hii ndiyo inayowagharimu watu zaidi, kwa kuwa huwafanya wafike benki wakiwa wamechelewa. Mkopo usiolipwa kwa siku 90 huingia kwenye kundi la mikopo chechefu, na benki hulazimika kuutengea fedha. Kabla ya siku hizo kutimia, ofisa mikopo ana sababu yake mwenyewe ya kutaka muelewane. Baada ya hapo, faili huanza safari ya kwenda idara ya ukusanyaji madeni, kisha kwa wakili, kisha kwa dalali, na kila anayelishika huongeza gharama juu yake.

Mazungumzo si kwenda kulia mezani. Ni barua fupi inayotaja kipato cha sasa, madeni yote bila kuficha hata moja, sababu ya kukwama, na kiasi mahususi ambacho mkopaji anaweza kukilipa na tarehe ya kuanza. Nakala yenye mhuri wa kupokelewa ibaki kwake. Jibu lisiporidhisha, malalamiko hupelekwa kwanza kwa mkopeshaji mwenyewe kwa maandishi, kisha Benki Kuu, ambayo ina ofisi hapa Dodoma. Kwa mwanachama wa SACCOS, msimamizi ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi ana hoja yenye nguvu zaidi. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, ilhali mikopo mingi inadai marejesho ya kila mwezi, na kwa hiyo mkulima hukopa kwa kausha damu miezi ya katikati ili kulipa benki, si kwa uvivu wala anasa, bali kwa sababu ratiba ya deni na ratiba ya shamba hazikukutana tangu siku ya kwanza. Kabla ya kuomba muda zaidi, aombe marejesho yafuate mavuno.

"Nitajitangaza muflisi, kama Wamarekani"

Ushauri huu umetoka mtandaoni, ambako unahusu madeni ya kadi za mkopo na Sura ya 7 na ya 13 za sheria ya ufilisi ya Marekani. Tanzania ina Sheria ya Ufilisi yake, inayopitia mahakamani, na sura hizo za Wamarekani hazina nguvu hapa. Na anayekuahidi kwa WhatsApp kwamba atafuta deni lako kwa ada ya kutanguliza anakuongezea deni jingine.

"Kuuza kiwanja ni aibu, bora nisubiri"

Hapa ninafahamu kwamba sizungumzii hesabu peke yake. Kiwanja cha Nala chenye msingi uliosimama ni ahadi mtu aliyoitoa kwa wanawe, na kukiuza ni kama kuwatangazia majirani kwamba ameanguka. Hata hivyo, nyumba au kiwanja kilichowekwa rehani kinaweza kuuzwa na mkopeshaji baada ya notisi ya siku 60 kupita bila kulipwa, kisha tangazo la mnada la siku zisizopungua 14, na wanaokuja kwenye mnada wanajua kwamba muuzaji hana nafasi ya kungoja. Mwenye mali anayeuza mapema, kwa ridhaa ya benki, anachagua mnunuzi, anajadili bei, na kinachozidi deni anaondoka nacho. Mwenza wake ashirikishwe tangu mwanzo: nyumba ya familia haiwekwi rehani kihalali bila ridhaa ya mume au mke, na ikiwa ridhaa hiyo haikuwahi kutolewa, jambo hilo linapaswa kumfikia wakili kabla tangazo la dalali halijabandikwa mlangoni.