Laptopu imepasuka kwenye bawaba? Gundi isubiri kwanza

"Fundi, nipigie gundi tu, nina haraka." Karibu kila wiki naambiwa hivyo, na mara nyingi mashine yenyewe bado iko ndani ya waranti. Nami huuliza: risiti iko wapi?

Bawaba ya kioo hushikwa na skrubu ndogo zinazoingia kwenye vinati vya shaba vilivyozamishwa ndani ya plastiki. Bawaba ikikaza, kila ukifungua kioo nguvu yote inahamia kwenye plastiki hiyo nyembamba. Siku moja unasikia "kwa!", kinati kimeng'oka na bodi, yaani ganda la nje, imeachia pembeni. Hukuiangusha wala hukuikalia. Lakini ukifika mapokezi ya kituo cha huduma ukasema "imepasuka" basi, fomu itaandikwa imepasuka, na atakayeisoma huko ndani atadhani ni ajali. Waranti ya kawaida hubeba kasoro ya kiwandani, si kuangushwa.

Kwa hiyo onyesha ufa ulianzia wapi. Laptopu iliyoanguka huwa na kovu: kona imebonyea, rangi imechubuka, nyufa zimetawanyika kutoka pale ilipogonga. Ya bawaba kwa kawaida haina kovu nje. Ukifungua kioo taratibu, unaiona bodi ikinyanyuka. Chukua video fupi, mara moja tu, halafu usiifungue tena. Kioo nacho kinaweza kufuata.

Dada mmoja aliniletea laptopu ya miezi tisa ambayo kaka yake alikuwa ameshaimwagia supaglu. Kituo cha huduma kiliikataa palepale. Sikuwalaumu, gundi ilikuwa imejaa kwenye matundu ya skrubu, chanzo hakionekani tena.

Ufa unaoletwa na betri ni habari nyingine kabisa. Ukiona tachipadi imeinuka au mashine haikai sawa mezani, huenda betri imevimba. Izime, usiichaji, usiibonyeze irudi.

Tafuta pia kama wenzako wenye modeli hiyo wamepata ufa mahali palepale. MacBook nyeupe za plastiki zilizotoka 2006 zilijulikana kwa kumeguka ukingoni, pale unapoegemeza viganja, kwa sababu vinundu vya fremu ya kioo vilipakandamiza kila ulipoifunga. Wengi walibadilishiwa sehemu hiyo bure. Ufa unaojirudia hivyo ni vigumu kuuita uzembe wa mteja.

Halafu kuna suala la Dubai, ambako laptopu nyingi za Kariakoo hupitia. Waranti nyingine hufungwa kwa nchi au kanda, kwa hiyo ingiza namba ya mashine kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla hujapoteza nauli. Ikikuambia muda umekwisha ilhali uliinunua mpya juzijuzi, huenda ulianza kuhesabiwa tangu ilipotoka kwa mtengenezaji. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye tarehe inaweza kurekebisha hilo. Karatasi ya duka yenye mhuri ni ahadi ya mwenye duka, mdai yeye.

Ukienda, hamisha mafaili yako kwanza. Soma fomu kabla ya kusaini, na kama hukuiangusha, hakikisha imeandikwa hivyo. Wakikataa, omba sababu kwa maandishi. Hapo ndipo uniletee: tutabadilisha bodi, au kama vinati bado vizima, nitavirudisha kwa gundi ya kuchanganya, ile ya mirija miwili.