Je, wajua kwa nini wiski ya Japani haina ladha moja na ya Uskoti iliyoizaa?

Wiski ya Japani ilianzishwa na watu wawili ambao baadaye walitengana, na utengano huo unaonjeka hadi leo.

Masataka Taketsuru alizaliwa Takehara katika familia ya watengeneza sake, pombe ya mchele ya Kijapani. Mwaka 1918 alikwenda Uskoti, akasoma kemia Glasgow na kujifunza kazi katika viwanda vya wiski kama Longmorn na Hazelburn, akiandika kila alichokiona. Alirudi na madaftari yake pamoja na mke, Rita Cowan. Shinjiro Torii, mfanyabiashara wa Osaka aliyepata utajiri kwa kuuza mvinyo mtamu, akamwajiri. Mwaka 1923 kikaanza kujengwa kiwanda cha Yamazaki, karibu na Kyoto, mahali panapokutana mito mitatu.

Wiski yao ya kwanza, Shirofuda, ilitoka mwaka 1929 na ikadoda. Ilinuka moshi mno kwa midomo ya Wajapani. Torii alitaka kinywaji laini kinachokwenda na chakula cha kwao, Taketsuru aliutaka ule moshi wa Uskoti. Mwaka 1934 Taketsuru alihamia Yoichi, kwenye baridi ya kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani, akawa anauza juisi ya tufaha huku wiski yake ikiiva kwenye mapipa. Kampuni zao ndizo Suntory na Nikka za leo.

Huko Uskoti viwanda hubadilishana wiski: anayekosa ya moshi huichukua kwa jirani, kisha anachanganya. Suntory na Nikka hawakupeana hata tone. Kwa hiyo kila mmoja alilazimika kutengeneza ladha zote mwenyewe. Ndani ya Yamazaki kuna mitungi ya shaba ya kuchemshia na kukeneka pombe, ya maumbo mbalimbali. Yenye shingo ndefu hurudisha chini mvuke mzito na kutoa pombe nyepesi, mifupi huupitisha ukatoka na uzito wake. Chachu nazo ni za aina nyingi. Binafsi naona siri kubwa iko hapa, kuliko kwenye maji yanayosifiwa kila siku.

Yoichi mitungi bado huchemshwa kwa makaa ya mawe, mfanyakazi akiyatupia kwa koleo kila baada ya dakika chache. Shingoni imefungwa kamba zenye karatasi nyeupe, desturi ya watengeneza sake. Wiski yake ni nzito, ina moshi na chumvichumvi ya bahari. Ya Yamazaki huja na matunda na asali.

Halafu kuna mapipa ya mizunara, mwaloni wa Japani. Vita Kuu ya Pili ilipokatiza mapipa ya kutoka nje, ilibidi watumie mti huu. Ni msumbufu: huvuja, na hukua polepole mno. Mwanzoni wachanganyaji hawakuupenda. Lakini wiski ikikaa humo miaka mingi hutoa harufu ya sandali, nazi na udi. Naam, udi wa kufukizia, ambao Wajapani nao huufukiza tangu kale.

Ukitaka kununua, tazama chupa vizuri. Kwa kanuni ambazo chama cha watengenezaji kilizitangaza mwaka 2021, wiski ya Japani lazima ikenekwe nchini humo na kukaa humo humo ndani ya pipa la mbao kwa miaka 3 au zaidi. Kabla ya hapo, kampuni iliweza kuagiza wiski Uskoti, ikaijaza chupani Japani na kuiuza kwa jina la Japani.