Je, wajua kwa nini sukuma wiki ya Nairobi haitoi maua?

Panda dania na sukuma wiki siku moja kwenye kishamba cha nyuma ya nyumba pale Kasarani. Miezi mitatu haiishi kabla dania haijarefuka, majani yake ya juu yakawa membamba kama nyuzi na maua meupe yakatokea. Sukuma nayo haina habari. Unachuma, inatoa jani. Unachuma tena, inatoa jingine. Mwaka unapita, shina limekuwa refu kama bakora, lina makovu ya majani toka chini hadi juu, na kileleni pana shada la majani mabichi. Ua hulioni.

Mmea huo unangoja baridi ambayo Nairobi haina. Sukuma wiki ni spishi moja na kabichi, brokoli na koliflawa, na asili yao ni Ulaya na kandokando ya Mediterania. Kule, mwaka wa kwanza ni wa majani, kisha inakuja miezi ya baridi, na joto likirudi mmea huchanua, huzaa mbegu na kufa. Ukichanua kabla ya baridi kuisha, mbegu zitaharibika. Kwa hiyo ndani yake kuna jeni iitwayo FLC, ambayo kazi yake ni kuzuia maua. Wiki kadhaa mfululizo za baridi, chini ya nyuzi 10 hivi, huinyamazisha polepole. Ikishanyamaza, majani hutengeneza florijeni, protini inayosafiri kwenye mirija ya chakula hadi kwenye ncha na kuifanya iache majani ianze maua. Mikhail Chailakhyan, mwanasayansi wa Kisovieti, alisema kitu cha namna hiyo lazima kiwepo tangu miaka ya 1930. Protini yenyewe ilithibitishwa mwaka 2007.

Mtu wa Mombasa atakuambia Nairobi ni friji. Kwa sukuma, si friji hata kidogo. Mwezi wa Julai usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 10 au 12, lakini mchana joto linapita 20, na kile kidogo kilichofanywa na usiku kinarudishwa nyuma. Kuweka mbegu kwenye friji halisi hakusaidii pia, kwa kuwa spishi hii haihisi baridi ikiwa mbegu au mche mchanga. Lazima kwanza shina linenepe, angalau kama penseli.

Mara mojamoja utaona sukuma imechanua hapa hapa jijini. Aina hazilingani kwa baridi zinayohitaji, na mbegu nyingine zimechanganyika na jamaa zake. Ncha ikishageuka kuwa ua hairudi kuwa jani. Majani yatakayofuata yatakuwa madogo na machungu. Kanzira, ambayo wengi huifananisha na sukuma, ni spishi nyingine na haihitaji baridi, ndiyo maana mbegu zake unazitoa shambani mwenyewe na za sukuma unanunua dukani.

Au unapanda vichipukizi. Kwenye kwapa la kila jani kuna jicho lililolala. Linalazwa na ncha: kileleni hutengenezwa homoni ya oksini, inayoteremka na shina na kuyazuia macho ya chini yasiamke. Isitoshe, ncha ndiyo inayovuta sukari nyingi. Kata ncha, na katika wiki mbili tatu macho yaliyo karibu na mkato yatachipua. Shina likishafika kiunoni na majani yameanza kuwa madogo, kukata kileleni ni njia nzuri ya kulifufua, mradi uache majani machache ya kulilisha.

Chagua kichipukizi cha sentimita 10 hadi 15 kwenye shina lenye afya. Kibanjue kwa mkono ili kitoke na kisigino chake, yaani kipande kidogo cha ganda la shina, ondoa majani makubwa, bakiza mawili matatu ya katikati, kisha kizike sentimita 5 hivi kwenye udongo wenye unyevu na ukitie kivuli. Oksini huendelea kuteremka, inajikusanya kwenye kidonda, na hapo ndipo mizizi huota, kwa kawaida ndani ya wiki tatu. Ukiacha majani mengi, maji hupotea haraka kuliko kisigino kinavyoweza kunyonya, na kichipukizi hunyauka kabla ya kupata mzizi.

Kosa la kawaida zaidi liko kwenye kuchuma. Chuma majani ya chini kwanza, kwa kulivuta jani chini pamoja na kikonyo chote, kwa sababu kipande kinachobaki huoza. Acha majani matano au sita juu kila mara. Anayevua shina hadi kubaki na mawili anaondoa kiwanda chenyewe: wiki inayofuata anapata majani ya ukubwa wa kiganja cha mtoto, halafu anailaumu mbolea. Jani la chini likigeuka manjano lote wakati ya juu ni kijani, hapo ni mbolea kweli: mmea unaondoa naitrojeni kwenye jani kuukuu na kuipeleka kwenye ncha. Kijiko kimoja cha chai cha CAN, mbolea yenye naitrojeni, kwa kila shina, ukikizungusha kiganja kimoja mbali na shina kwenye udongo wenye unyevu, kinatosha.

Lakini manjano yakianzia ukingoni mwa jani na kuingia ndani kwa umbo la V, huku mishipa ikiwa myeusi, hilo ni oza jeusi, ugonjwa wa bakteria. Hauna mbolea ya kuuponya, na unahama kwa kisu na kwa vichipukizi. Shina hilo ling'olewe, na usichukue mche hata mmoja kwake.