Chaja ya wati 65 inaweza isiitoshe kompyuta yako ndogo

Kompyuta ndogo ya bodi moja kama Raspberry Pi ikianza kujizima na kujiwasha, au mafaili yakiharibika kwenye memori kadi, wengi hulaumu kadi au programu. Sisi huanza na adapta, pamoja na waya wake.

Raspberry Pi 4 inataka volti 5.1 kutoka kwenye adapta yenye uwezo wa ampea 3. Raspberry Pi 5, iliyotoka mwaka 2023, inataka volti zilezile lakini ampea 5. Hapo ndipo watu wanapoponzwa na chaja ya laptop. Imeandikwa wati 65, unaona imezidi mahitaji. Soma maandishi madogo mgongoni mwake: mara nyingi utakuta ampea 3.25 kwa volti 20, na kwenye mstari wa volti 5 ni ampea 3 tu. Raspberry Pi 5 inapokea volti 5, kwa hiyo wati zinazobaki haziifikii. Itawaka, ila itazibana soketi zake za USB zisitoe zaidi ya ampea 0.6 kwa jumla, na diski ya nje uliyochomeka inaweza isizunguke kabisa.

Waya nao una lake. Tuseme ni mrefu na mwembamba, una ukinzani wa omu 0.2 kwenda na kurudi. Ukipitisha ampea 3, volti 0.6 zinapotea njiani: zilitoka 5.1, zinafika 4.5. Zikishuka chini ya takriban 4.63, Raspberry Pi huonyesha alama ya radi kwenye skrini. Kama haina skrini, ingia ndani yake kutoka kompyuta nyingine, kisha andika amri vcgencmd get_throttled. Jibu likiwa 0x0, umeme haujapungua tangu ilipowashwa. Pima mashine ikiwa kazini hasa, maana ikitulia hata adapta mbovu huonekana nzima. Mimi hushauri adapta ambayo waya wake haung'oki.

Kwa wenye sola: usiupandishe umeme wa betri ya volti 12 hadi 230 kisha uushushe tena hadi 5, kwa sababu kila unapogeuzwa, sehemu yake hupotea kama joto. Tumia kipunguza volti cha DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri) kinachopokea hadi volti 24 au zaidi, kwani betri ya asidi ikichajiwa hupita volti 14. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu na betri. Kama kina skrubu ya kurekebishia, kipime kwa mita kabla hujaunganisha chochote: vingine hutoka dukani vikiwa vimeachwa kwenye volti za juu, na bodi ya volti 5 ikipokea 12 huungua papo hapo.